Nishani Sitini na Nyota Isiyo na Jina

Leo sihakiki riwaya wala diwani. Nataka tusome pamoja maandishi mafupi kuliko beti moja ya shairi, yaliyochorwa kwenye kipande cha fedha huko London katika miaka ya 1870. Kwa Kiingereza ni maneno manne, kwa Kiswahili yanatosha matatu: waaminifu hadi mwisho. Walioandikiwa walikuwa watu walioingia Bagamoyo Februari 1874 wakiwa wamebeba maiti ya Dk. David Livingstone. Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London iliagiza nishani sitini za fedha kwa ajili yao, na pembeni mwa kila nishani, pale kwenye ukingo, likachorwa jina la mtu.

Naona wengine wanajiuliza: medali inahusiana nini na fasihi? Inahusiana sana. Medali ya kumbukumbu ya Ulaya ni utanzu wa maandishi, wenye kanuni zake ngumu kama za utenzi. Una uso, una mgongo, una duara dogo la kuandikia, na ukizidisha neno moja umeharibu. Tena una historia ndefu. Wanahistoria wa sanaa huanzia kwa mchoraji wa Italia, Pisanello, ambaye mnamo 1438 alimtengenezea medali Yohane wa Nane Palaiologos, mfalme wa Bizanti aliyekuwa amekuja Ferrara kwenye mtaguso wa kanisa. Upande mmoja sura ya mfalme na kofia yake kubwa, upande wa pili mfalme huyohuyo juu ya farasi. Haikuwa sarafu, huwezi kununulia mkate. Kazi yake ilikuwa kupita mkono hadi mkono na kusema "nilikuwepo". Baadaye wakubwa wa Italia wakawa wanazifukia chini ya misingi ya majengo yao, ili hata jengo likibomoka, atakayechimba akute jina.

Wafaransa ndio waliofanya jambo hili kuwa kazi ya waandishi kabisa. Mwaka 1663 waziri Colbert aliunda kikundi kidogo cha wasomi ambacho kazi yake mojawapo ilikuwa kutunga maneno ya medali za Louis wa Kumi na Nne. Humo waliingia Racine na Boileau. Ndiyo, Racine yuleyule wa tamthilia. Fikiria mtunzi wa kiwango hicho anakaa kwenye kikao kubishana neno gani la Kilatini litoshe chini ya picha ya mto uliovukwa na jeshi la mfalme. Mwaka 1702 wakachapa kitabu kizima kinachosimulia utawala wa mfalme kwa medali peke yake, tukio baada ya tukio. Mfalme hashindwi hata ukurasa mmoja. Hapo ndipo unapoona kanuni ya kwanza ya utanzu huu: medali haina nafasi ya "lakini".

Kanuni ya pili ilikuja baadaye, na inatuhusu zaidi. Kwa karne nyingi medali ilikuwa ya mkubwa, ikimsema mkubwa. Mwaka 1816 Waingereza walitoa medali ya vita vya Waterloo kwa kila aliyepigana, kuanzia jenerali hadi askari wa mwisho, na jina la kila mmoja likagongwa pembeni kwa mashine. Hapo mtu wa chini akaingia kwenye chuma. Lakini angalia mahali alipowekwa. Uso una mtawala, mgongo una ushindi, na yeye yuko ukingoni, ambako bila kuigeuza medali kwa ubavu humwoni. Nafasi hiyohiyo ndiyo waliyopewa watu wetu.

Turudi basi Bagamoyo, tusome yale maneno matatu dhidi ya kile kilichotokea.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye walikuwa mchanganyiko wa watu wa Zanzibar na Mrima, watu wa mtoni Zambezi kama Susi, Wayao kama Chuma, na vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, akiwemo Jacob Wainwright. Walikaa kikao. Hakukuwa na Mzungu hata mmoja wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika pale, wakagawana bidhaa na kurudi kwao, na nani angewauliza? Wakaamua kumrudisha pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar, akafanya kazi ya kutoa viungo vya ndani. Moyo ukazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kama wiki mbili, ukafungwa kwa kaniki na gome la mti na turubai, ukawa mzigo. Kisha safari ya takriban miezi tisa.

Njiani walikutana na Luteni Cameron karibu na Tabora, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wazike hapohapo. Wakakataa. Mbele zaidi, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti isipite katika nchi yao. Basi wakatunga hila: wakafunga mabua ya mtama kwa nguo yakafanana na maiti, wakatuma watu wachache wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wameghairi safari na wanakwenda kuzika. Wale watu wakayatupa mabua porini, wakawafuata wenzao usiku. Maiti ya kweli ilikuwa imefungwa upya ikafanana na mtumba wa nguo, ikapita kama bidhaa nyingine yoyote.

Sasa hebu niambie, hayo yote utayaita uaminifu? Mimi nayaita siasa. Ni kikao, ni uamuzi, ni ubishi na afisa wa Kiingereza, ni utaalamu wa tabibu, ni ujanja wa Sungura. Uaminifu ni sifa ya anayefuata. Hawa hawakuwa na wa kumfuata. Waliyekuwa wakimfuata walikuwa wamembeba mabegani. Aliyechagua maneno ya nishani alihitaji hadithi ambayo bwana anaendelea kuwa bwana hata akiwa ndani ya gome la mti, na neno "waaminifu" likaifanya kazi hiyo vizuri mno. Kama maandishi ya medali, ni mazuri: mafupi, yanakaa mdomoni, yana mwangwi wa Biblia. Kama usomaji wa tukio, ni mabovu.

Na mwisho gani huo unaosemwa? Mwisho wa nani? Kwa Livingstone ulikuwa Westminster Abbey, Aprili 18, 1874, na Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Kwa wengi wa wale wengine safari iliishia kwenye ubalozi wa Kiingereza Zanzibar: wakalipwa ujira wao, wakaachwa waende zao. Nishani zilipofika Zanzibar mwaka uliofuata, wengi walikuwa wameshatawanyika. Wengine walishaondoka na Stanley, aliyetoka Bagamoyo Novemba 17, 1874 kwenda kuzunguka maziwa na kushuka mto Kongo. Yaani chuma kinachosema "hadi mwisho" kinafika, mwenyewe yuko katikati ya safari nyingine, amebeba mzigo mwingine.

Kuna maandishi mengine ya tukio hilihili ambayo hayatajwi sana, na kwangu mimi ndiyo yanayostahili kusomwa kwanza. Kabla ya kuondoka Chitambo, Wainwright alichonga maneno kwenye ule mti uliofunika moyo. Aliandika jina la daktari, akaandika tarehe (aliandika Mei 4, nao wanahistoria wamebishana kuhusu siku hizo tatu hadi leo), na chini yake akaandika majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Viongozi wa msafara. Basi. Hakuna sifa, hakuna "mtumishi", hakuna "mwaminifu". Daktari na wanaume watatu kwenye gome moja, kwa mkono wa kijana wa Kiyao aliyewahi kuwa mtumwa.

Ukiwa mpenzi wa fasihi lazima hapo usimame kidogo. Huyu Wainwright alijua desturi ya Kizungu ya kuandika makaburi, alisomeshwa nayo. Angeweza kutunga msemo. Alichochagua ni orodha ya waliokuwepo, na wote wakakaa usoni, hakuna aliyesukumwa pembeni. Sipendi kumtwika fikra zangu, maana inawezekana alikuwa na kisu butu na muda mfupi. Lakini matokeo yake ni maandishi ya kumbukumbu yenye haki kuliko yote yaliyofuata. Mwishoni mwa karne ile, mti ulipokuwa unakufa, kipande chenye maandishi kilikatwa kikapelekwa London, kwa Jumuiya ileile iliyotoa nishani. Kwa hiyo wanayo matoleo yote mawili.

Miaka kumi na tano mbele, pwani ileile. Desemba 4, 1889, Stanley anaingia Bagamoyo akitokea bara na Emin Pasha, yule gavana wa Ikweta aliyekwenda kuokolewa apende asipende. Wissmann, kamishna wa Wadachi, anawafanyia karamu. Usiku huo Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, anaanguka kutoka ghorofani na kuumia kichwa vibaya. Kila kitabu cha safari hiyo kinalisimulia anguko hilo kwa kirefu. Kinachopita haraka ni hesabu: watu zaidi ya 600 kutoka Zanzibar walianza safari mwaka 1887, na waliorudi walikuwa karibu theluthi moja.

Kwa hao waliorudi ikatengenezwa nyota ya fedha yenye ncha tano. Katikati herufi tatu, E.R.E., na kuzunguka kwake jina la msafara kwa Kiingereza pamoja na miaka 1887 hadi 1889. Zilitolewa kama mia mbili. Stanley mwenyewe alipewa medali ya dhahabu na Jumuiya ya Kijiografia, Mei 1890, katika ukumbi wa Albert Hall uliojaa wakubwa wa Uingereza, na maafisa wake wakapata nakala za shaba zenye sura yake. Kwa thamani ya madini, mpagazi wa Zanzibar alikuwa juu ya afisa: fedha na shaba wapi na wapi! Lakini shaba ya afisa ilikuwa familia moja na dhahabu ya kiongozi, sura ileile na umbo lilelile. Nyota ilikuwa kitu kingine kabisa, na haikuandikwa jina la mtu.

Igeuze uso, igeuze mgongo, pitisha kidole kwenye ncha zote tano, humkuti mtu. Nyota ya Uledi na nyota ya Mabruki ni moja. Ndiyo maana leo nyota moja ikitokea mnadani Ulaya, katalogi inaweza kusimulia msafara wote, njaa ya msitu wa Ituri na ugomvi wa Stanley na maafisa wake, isiweze kusema ilikaa kifuani mwa nani. Zile sitini za mwanzo, pamoja na kasoro za maneno yake, zinaweza. Ndiyo maana nasema, ingawa najua kuna watakaonirukia kwenye maoni, kuwa kati ya vipande hivi viwili cha 1874 ni bora. Sentensi yake ni ya uongo lakini ukingo wake ni wa kweli. Cha 1889 hakina hata sentensi ya kubishana nayo.

Na kuna jambo katika tarehe hizo ambalo vitabu vya misafara havipendi kuliweka pamoja. Stanley alikunywa divai Bagamoyo Desemba 4. Desemba 15, siku kumi na moja baadaye, Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Wenyeji wa karamu ile ndio waliokuwa wakimsaka. Bwana Heri alikuwa bado anapigana upande wa Saadani, na hakusalimu amri hadi mwaka uliofuata. Nyota ile, basi, ilitengenezwa kukumbuka "uokozi" uliomalizikia kwenye mji ulio vitani, na vita havimo.

Wadachi nao walikuja na medali yao, kwa kuchelewa. Mwaka 1912 Kaisari Wilhelm wa Pili alianzisha medali ya ukumbusho wa makoloni, yenye sura yake mwenyewe, na mgongoni maneno yanayowasifu wapiganaji hodari wa heshima ya Ujerumani. Juu ya utepe mtu aliongezewa kipande kidogo cha chuma kwa kila vita alivyopigana, kimeandikwa jina la koloni na mwaka. Vilikuwa aina nyingi ajabu, karibu tisini ukijumlisha Afrika na kwingineko. Chukua kimoja tu: Deutsch-Ostafrika 1905/07. Unajua hiyo ni nini. Ni Maji Maji. Matumbi, Ungoni, njaa, maelfu kwa maelfu ya waliokufa, vyote vimekaa ndani ya jina la nchi ambayo haipo tena na tarakimu sita. Racine angevutiwa na ufupi huo.

Hapa ndipo lazima nimlete Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, maana yeye aliandika juu ya vita hivyohivyo vya pwani akiwa wa pwani. Utenzi wake, Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliandikwa matukio yakiwa bado ya moto, na wengi wetu tunaufahamu kwa toleo lililohaririwa na J.W.T. Allen katika miaka ya 1950. Sitanukuu ubeti, tafuteni msome. Nataka tutazame kichwa chake tu, kama tulivyotazama maandishi ya medali, maana nacho ni maneno machache. Kinamtaja nani aliyepigana: Wadachi. Kinataja alitaka nini: kutamalaki. Kinataja wapi: Mrima. Medali ya Kaisari inasema vita vilikuwa vya heshima. Hemedi, kwa kitenzi kimoja, anasema vilikuwa vya kumiliki. Nchi kwake ina jina ambalo wenyeji waliliita, kabla ya mtu wa Berlin kuchora ramani.

Ukiingia ndani, utenzi umejaa watu na miji. Hiyo ni desturi ya tenzi zetu: mtunzi hujitaja, hutaja wakubwa, hutaja mahali. Kuna wakati majina yanamchosha msomaji wa leo, nakiri, hasa anayetaka hadithi iende mbio. Lakini ukitoka kwenye nyota ya 1889 ukaingia kwenye utenzi, unaelewa kwa nini yapo. Hemedi hakuwa bila upande wala bila woga, na msomaji makini ataona anavyowapima Waarabu, Wadachi na watu wa Mrima kwa mizani tofauti. Anachoweza na medali haiwezi ni kumpa mtu jina na papo hapo kusimulia alivyokosea.

Ninachogombana nacho ni kwamba sisi wenyewe, kwenye Kiswahili chetu, tumechukua lugha ya nishani tukaiacha ya mti na ya utenzi. Sikiliza maelezo anayopewa mgeni pale misheni ya Bagamoyo, chini ya mnara unaoitwa kwa jina la Livingstone, alipolazwa usiku ule wa Februari. "Watumishi waaminifu." Soma makala za magazeti kila inapofika kumbukumbu ya safari ile. "Chuma na Susi, watumishi waaminifu." Hakuna aliyetuamuru. Tumetafsiri maneno ya London na kuyafanya yetu, na hadi majina tumeyapunguza yakabaki mawili, wakati nishani zilikuwa sitini! Hata London ilihesabu vizuri kuliko sisi.

Wapo wanaosema vipande hivi ni takataka za ukoloni, visiwe na nafasi kwenye makumbusho yetu. Naelewa hasira hiyo kuhusu medali ya Kaisari. Kwa zile sitini siko nao. Kuna ukuta Bagamoyo ambao ungeweza kubeba majina hayo yote bila sentensi yoyote juu yake, kama Wainwright alivyofanya kwenye gome.

Kazi haitakuwa nyepesi, na si kwa sababu ya fedha za kibao. Majina yaliandikwa na makarani wa Kiingereza kwa masikio ya Kiingereza. Yule Vchopere wa kwenye mti, vitabu vya Stanley vinamwita Chowpereh. Mniasere ndiye Manwa Sera. Farijala huandikwa kwa namna tatu au nne. Mtu wa Mrima anayejua majina ya wazee wake angehitajika kukaa na orodha hiyo, jina kwa jina. Naye angekutana na tatizo jingine, maana Mabruki, Uledi, Farijala na Baraka ni majina ambayo pwani hii iliwapa watumwa. Wengi walipewa na waliowanunua, na jina la kwanza, la kule bara, likaachwa njiani. Yao kwenye mti ule Wainwright aliandika kama walivyoitwa siku ile. Lake mwenyewe, alilopewa baada ya kukombolewa, hakuliweka.